Yaya Alijua Nitasimama Wapi

Aliyenifundisha kudaka ni yaya, dada yangu mkubwa. Kwenye uwanja wa mtaa wetu, hapa Lubumbashi, alichukua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye mlingoti mmoja wa goli, akaizungusha nyuma ya mpira aliouweka mbele ya goli, akaifunga kwenye mlingoti wa pili.

"Simama katikati ya kamba," alisema. "Kisha utoke. Ukibakia ku ligne ya goli, muntu iko anaona goli yote. Ukitoka, iko anaona weye tu."

Mimi ni mfupi, sikuwa na njia nyingine. Nikajifunza kutoka, na kutuliza miguu kabla mpira haujapigwa. Kosa langu lilikuwa moja: niliogopa kona ya mbali, nikawa nasogea huko mno na kuacha upenyo kwenye mlingoti wa karibu. Yaya alinigombeza kwa hilo mpaka sauti ikamkauka.

Kisha akaolewa Kambove, akawa mshambuliaji wa timu ya wanawake ya huko. Na mechi ya kuamua nani atapanda daraja ikaikutanisha timu yangu na yao, kwao. Sisi sare ilitutosha.

Bao lake la kwanza lilipita palepale, kwenye upenyo ule. Tulisawazisha, lakini mimi nilikuwa nimeshavurugika. Kila nilipofikiria kusimama, nilijua naye anapafikiria. Nikiganda mlingotini, anatoa pasi katikati. Nikitoka, anainua mpira juu yangu. Mmoja uligonga mwamba, nikausikia mgongoni kama nimepigwa mimi. Vumbi jekundu lilikuwa limefuta mistari yote. Beki mmoja alinipigia kelele, "Toka! Toka basi!" Mwingine, "Bakia!" Nilikuwa nalia huku nadaka, machozi na vumbi vikinifunga macho.

Mechi ikikaribia kwisha, yaya alimpita beki wa mwisho akaja peke yake.

Nilitoka. Katikati kabisa, mikono wazi, miguu imetulia. Sijawahi kusimama vizuri hivyo maishani. Yeye hakupiga. Alisubiri, mpira mguuni, mpaka magoti yangu yakaanza kukunjika, ndipo akausukuma kando ya mguu wangu. Niliugusa kwa ncha ya kiatu. Ukapunguza mwendo, ukaendelea kubingirika. Niliufuata kwa magoti na viganja, nikauvuta nje ya goli, nikaukumbatia tumboni na kumwambia mwamuzi haujaingia, haujaingia, na kila mtu aliona umeingia.

Wenzake walimrukia. Yeye aliwasukuma.

Alinikuta kando ya basi letu. "Ulisimama muzuri," alisema.

"Basi juu ya nini iliingia?"

"Juu nilingoja. Ulishuka mbele ya miye kupiga."

Alininyooshea mkono. Nilipanda basi bila kuushika, tukapitia Likasi mpaka nyumbani.

Mama alikuwa anasonga bukari. Aliniuliza tumetoka vipi, nikamwambia tumefungwa.

"Nani alifunga?"

"Mutoto yako."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Niliona uso wake unataka kufurahi, unaona haya, unashindwa. Aliniwekea chakula, akakaa karibu nami. Nilimega tonge, nikalishika mkononi mpaka likapoa.