Na Wewe, Ulikuanza Lini?

Juzi nilipanga foleni kwenye dirisha la ofisi moja Utete, nyuma ya mama aliyekuja na binti yake. Binti alikuwa ameziba masikio kwa sababu ya feni iliyokuwa ikilia.

"Ugonjwa wa akili," karani kijana akasema huku akijaza fomu.

"Si ugonjwa, mwanangu. Ana usonji. Kelele zinamsumbua na maneno yake machache."

"Ndio huohuo, mama. Ulimwanza lini?"

"Kazaliwa nao."

"Anatumia dawa gani?"

Mama aliuangalia mkono wa karani ulioshika kalamu.

"Na wewe, huo mkono wa kushoto ulikuanza lini?"

Kalamu ikasimama. "Nimezaliwa hivi, mama."

"Pole, baba. Unatumia dawa gani?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Karani naye alicheka, akakata neno "ugonjwa", kisha akainuka kuzima feni. Binti akashusha mikono.

Mimi nilicheka kwa adabu kidogo. Bibi yangu kule Ngorongo alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, mwezi mzima, ili nipone. Sikupona. Safu hii nimeiandika kwa mkono huohuo.