Pikapu Iliyokataa Mlima

Pikapu ya baba ilipata nguvu siku ya nane baada ya kumzika nyanya. Fundi mmoja wa Mwatate, ambaye hatukuwahi kumwona kabla ya hapo, alilegeza skrubu mbili, akachomoa bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye injini, akaingiza vidole na kuvuta kitambaa. Kilikuwa kipande cha leso, kimekunjwa na kukazwa, upande mmoja umekuwa mwekundu kwa vumbi la Voi. "Mwalimu," akamwambia baba, "hii gari mlikuwa mmeiziba pua." Mama alikichukua kile kitambaa, akakitazama maua yake, akaingia nacho ndani.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu wiki iliyopita nilikuwa Voi kwa shughuli zangu, nikapita mtaa wa Kaloleni tulikokuwa tukiishi. Uwanja uliokuwa gereji sasa una nyumba ya ghorofa mbili, na chini yake mtu anauza vifuniko vya simu. Nilisimama pale kidogo, kisha nikasikia harufu ya petroli ambayo haikuwepo.

Ukitaka kuelewa pikapu ile ilikuwa nini kwetu, ni lazima nikueleze Jumamosi zetu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Shule zikifungwa, tulipakia sukari, chumvi na gunia la unga, tukapanda milimani kwa nyanya, mama yake baba. Ukishapita Mwatate barabara huanza kujikunja na joto la Voi hubaki nyuma kama mtu uliyemuaga. Mimi na dada tulikaa nyuma juu ya gunia, tukishindana nani ataanza kusikia baridi masikioni. Nyanya alikuwa akiitambua sauti ya injini tangu kona za chini, na tulipofika kimanga kilikuwa kimeshapondwa, mihogo na maharagwe, moto bado, na ndizi zimetengwa pembeni za kurudi nazo. Alikuwa na kifua kibovu. Alipotucheka alikohoa, na alipokohoa alituambia tusimtazame hivyo, mlima haupandwi kwa pupa na pumzi nayo ni vivyo hivyo.

Kisha injini ya zamani ikafa. Baba alinunua nyingine Mombasa, mtumba kutoka Japani, na fundi wetu wa Kaloleni, mtu wa bara mwenye maneno mengi, akaifunga kwa siku tatu uwanjani. Pale hapakuwa na paa wala ukuta. Upepo wa mchana uliinua vumbi jekundu likaingia hata kwenye chai. Kwa hiyo mafundi wa pale walikuwa na desturi yao: kila tundu lililo wazi, la injini au la bomba, huzibwa kwa tambara mpaka wakati wa kufunga. Matambara ya fundi yalipoisha, mama alirarua leso yake kuukuu. Baba alikuwa likizo, akavua shati akafanya kazi pamoja na fundi, na nadhani sijawahi kumwona akiwa na furaha kama siku zile.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Lakini gari lilikuwa zito. Ukikanyaga mafuta lilinguruma tu bila kuongeza mwendo, likitoa moshi mweusi na kunywa petroli kuliko zamani. Fundi alibadilisha plagi. Akafungua kabureta, akaiosha, akairudisha. Akarekebisha taimingi kwa kusikiliza, sikio lake karibu na boneti kama daktari. Alifungua hata kasha la filta ya hewa, akaikuta filta safi, akalifunga. Bomba lililo mbele ya kasha hilo hakuligusa.

"Hii injini ni ya Japani, mwalimu," alisema akijifuta mikono. "Haijazoea milima ya kwenu. Ipe wiki mbili ijifunze Kidawida chenu."

"Na kama ni mwanafunzi mgumu wa kuelewa?" baba akauliza.

"Basi utaichapa. Si wewe ndiye mwalimu?"

Jirani yetu mwenye lori dogo alipita, akapiga honi. "Mwalimu, angalia nyuma, kuna kuku anataka kukuovateki!"

Kila baada ya marekebisho, fundi na baba walilijaribu gari kwenye lami ya kuelekea Ndara. Nikifikiria sasa, hapo ndipo kosa lilipokuwa. Barabara ile imenyooka, ni tambarare, na injini inayokwenda taratibu kwenye tambarare huhitaji hewa kidogo tu. Ijumaa walirudi wakitabasamu. Lilikuwa limekwenda vizuri. Fundi alisema limepona.

Jumapili asubuhi, kabla hatujatoka kwenda kanisani, jirani alikuja na simu yake ya mkononi. Nyanya alikuwa amebanwa na kifua tangu alfajiri, na kule kwake hapakuwa na gari. Ilibidi afikishwe hospitalini haraka. Jirani alitoa ufunguo wa lori mfukoni. "Chukua hili, mwalimu. Hilo lako bado ni mgonjwa."

"Langu limeshapona," baba alisema.

Tulifika Mwatate bila shida. Kwenye mwinuko wa kwanza, baba alishusha gia, akashusha tena, mpaka ikabaki gia ya kwanza na mguu wake umekanyaga mpaka chini. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alitembea sambamba nasi, akatupita. Moshi mweusi ulitufuata kila kona. Injini ilipochemka tulisimama, baba akaimwagia maji, tukangoja, tukaanza tena. Safari ya saa moja na kidogo ilichukua zaidi ya saa tatu. Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, kama anayesukuma.

Tulipofika, uani palikuwa na wanawake wameketi chini, kimya. Mmoja alisimama akaja mpaka dirishani kwa baba. "Pole, mwanangu," alisema. "Amekungoja. Kila gari likisikika huko chini alikuwa akiuliza kama ni wewe. Tulimwambia sauti si yako."

Baada ya fundi wa Mwatate kuvuta kile kitambaa, pikapu ilipanda mlima kwa gia ya tatu. Baba aliiendesha mpaka kwa nyanya, akazima, akakaa ndani. Jioni alisema sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi maishani: "Fundi yule amemuua mama yangu." Hakwenda kumkabili fundi wetu wa Kaloleni. Aliacha tu kumsalimu. Akimwona barabarani alivuka upande wa pili, na sisi tukavuka naye.

Leo nyumba ya nyanya haina mtu, na mji wa Voi umeongezeka mpaka siujui. Kimanga ninakipata hotelini, kimewekwa kwenye sahani, kimepoa. Barabara ya milimani magari mapya huipanda kwa dakika chache, watu ndani wakitazama simu. Nikipita pale mguu wangu bado hukanyaga sakafu.

Wiki hiyo iliyopita, fundi wetu wa Kaloleni nilimkuta hatua chache kutoka kwenye ile ghorofa, ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, anauza vipuri vya zamani. Macho yake yamefifia, lakini nilipomsalimu aliijua sauti yangu.

"Wewe ni wa mwalimu!" Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu alikasirika na mimi, mpaka leo sijui ni kwa nini. Hebu niambie, ile gari ilipona? Ilikuwa ni nini?"

"Bomba la hewa," nilisema. Kitambaa sikukitaja.

Alitikisa kichwa. "Bomba la hewa. Hilo hata sikulifikiria. Matundu yangu yote niliyazibua mwenyewe, lakini hilo alilifunga mwalimu. Aliniambia nimwachie, na yeye afunge kitu kimoja kwa gari yake."

Ni mzee, na ni miaka mingi. Huenda amechanganya. Baba yuko hai, na kila mwaka tukienda kaburini husema sentensi ileile. Fundi aliniomba nimpelekee baba salamu. Sijazifikisha.