Madawati Yaliyong'aa

Mfagiaji wa shule ile alihesabu watoto kwa kitambaa. Kila dawati alilofuta alimjua mwenyewe, na tangu mwaka jana mengi yalibaki bila mwenyewe, akayapeleka stoo moja moja.

Mkaguzi alikuwa anakuja. Watoto wakiwa chini ya mia na hamsini, shule ingefungwa, na waliobaki wangehamishiwa ile ya ng'ambo ya barabara kuu. Malori ya barabara ile hayakumngoja mtu. Na kitinda mimba wa mfagiaji, wa darasa la pili, alikuwa mtoto wa kukimbilia kipepeo bila kutazama kushoto wala kulia.

"Rudisha madawati yote madarasani," mwalimu mkuu alimnong'oneza. "Tutasema wanaumwa."

"Wote thelathini na mmoja, mwalimu? Ugonjwa gani huo?"

"Dada yangu, maji yamenifika shingoni."

Basi akayabeba. Vumbi lisije likamsaliti, akayasugua kwa sabuni, akayapaka mafuta.

Saa nne mkaguzi akaingia darasa la saba, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Daftari la mahudhurio hakuligusa. Alipita akitazama madawati, kisha akamgeukia mfagiaji aliyesimama mlangoni.

"Mama, hili lina wino. Hili lina makombo. Lile limechorwa paka. Na hili linang'aa kama sahani ya mgeni. Anakaa nani?"

"Malaika!" mwanafunzi mmoja akadakia. Darasa likaangua kicheko.

Mama hakucheka. Akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake. Ya nini tena? Kicheche ameshaonekana na manyoya ya kuku mdomoni.

"Hakai mtu, mzee."

"Zamani alikaa nani?"

Hapo ulimi ukamfunguka. Hilo la binti wa fundi cherehani. Yale matano ya nyuma, ya wenzake. Mlango wa choo cha wasichana uling'oka muhula wa kwanza. Wakaona haya, wakabaki nyumbani. Yale ya dirishani, wazazi walisikia shule inafungwa, wakawahamisha mapema.

Mkaguzi aliandika muda mrefu. "Nitarudi baada ya wiki mbili," akasema. "Nitahesabu vichwa. Vikipungua mia na hamsini, hata kimoja, nitasaini shule ifungwe."

Alipoondoka, vilikuwepo mia na kumi na tisa.

Mwalimu mkuu aliketi kwenye ngazi kama aliyefiwa. "Umenimaliza, dada."

"Tumejimaliza wote. Vua koti, mwalimu. Tuanze na mlango wa choo."

Waliupachika kwa misumari ya kuokoteza, ukafunga kwa shida, lakini ukafunga. Jioni mama akamshika kitinda mimba wake mkono, wakaenda kwa fundi cherehani, mama wa yule binti. Kwa mbali lori lilipiga honi.

"Mama, unaniumiza!"

Akalegeza vidole. Kama fundi angekataa, wengine wangemfuata fundi. Mtaa mzima ulimsikiliza yeye.

"Hodi," akaita.

Ndani cherehani ikanyamaza. Nyayo zikaja polepole mpaka mlangoni, zikasimama. Mlango haukufunguliwa.

"Nani?"

"Ni mimi, shoga. Mfagiaji wa shule. Nimekuja kukuomba mwanao arudi darasani. Mlango wa choo sasa unafunga."