Dada Kohoa na Pedi Zilizorudi Kavu Mno

Saa tatu asubuhi, ngazi za kliniki hazipumziki. Wanawake watatu wanapanda na kushuka, mmoja ameshikilia reli, mwingine ameshikilia mbavu kwa kucheka. Chini yao amesimama mwanamke mfupi mwenye koti jeupe na raba za mazoezi, macho kwenye saa yake ya mkononi.

"Haya, mama zangu, inatosha. Sasa kohoeni. Kwa nguvu, siyo kikohozi cha kubisha hodi!"

Wanakohoa kweli. Mlinzi anageuka kutazama, kisha anarudisha shingo haraka. Alishaambiwa mambo ya humo ndani hayamhusu.

Ndivyo asubuhi inavyoanza kwa mtafiti huyu wa shahada ya uzamivu, ambaye hapa kliniki hakuna anayemwita kwa jina. Ni Dada Kohoa tu. Ana miaka thelathini na minne, ni mama wa mapacha, na anachunguza jambo ambalo wanawake wengi hulibeba kimyakimya: kuvuja mkojo baada ya kujifungua, ukicheka, ukipiga chafya, ukimkimbilia mtoto.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Mshiriki huvaa pedi kavu iliyokwisha kupimwa uzito, hunywa nusu lita ya maji na kupumzika. Kisha hupanda ngazi, hukohoa, huruka na kuokota vitu sakafuni. Baada ya hapo pedi inarudi kwenye mizani, na uzito ulioongezeka ndio jibu.

"Watu wakisikia utafiti wanafikiria mashine kubwa zinazowaka taa," anasema, akiifuta mizani yake ndogo kwa kitambaa. "Mimi na hii tunaelewana vizuri. Kazi ilikuwa kueleweka nyumbani."

Mumewe, fundi wa majokofu, anakiri. "Zamani nikiulizwa mke wangu anasomea nini, nilijibu 'afya', halafu nikahamia kwenye mpira. Siku hizi nasema yote. Juzi wateja wawili waliomba namba yake kwa ajili ya wake zao."

Kabla ya masomo, Dada Kohoa alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini kwa miaka minane. Aliacha mshahara wake akakubali posho ya ufadhili isiyofika hata nusu yake. Kilichomsukuma ni yeye mwenyewe: baada ya kuzaa mapacha alivuja kwa miezi saba, na hakumwambia mtu.

"Niliona aibu, jamani. Mimi ninayefundisha watu kutembea upya! Nikajiuliza, kama mimi mtaalamu nimefunga mdomo, nani atasema?"

Akaandikisha wanawake arobaini. Kila Alhamisi, kwa miezi mitatu, aliwafundisha kubana na kulegeza misuli ya nyonga. Wakazoeana, wakataniana, wakapokezana watoto. Mazoea hayohayo ndiyo yaliyokaribia kumharibia kazi.

Vipimo vya mwisho vilipoanza, matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Wanawake kumi na tisa wa kwanza, pedi zao zote zilirudi kavu. Profesa anayemsimamia, mama asiyetoa sifa ovyo, alimwandikia kumpongeza.

"Kichwa kilivimba, nisikudanganye," anasema.

Kisha mhudumu wa usafi akaja amenuna. Nani huyo anamwagilia ua la koridoni mpaka maji yanatapakaa sakafuni? Ua lile liko kando ya benchi ambalo washiriki hukaa wakinywa maji yao ya kipimo, na Dada Kohoa huwa ndani na mizani.

Alhamisi iliyofuata aliwauliza kwa upole. Kila mmoja akatazama kucha zake. Mwishowe mshonaji mmoja wa nguo, mama wa watoto watano na mkubwa kuliko wenzake, akaangua kicheko.

"Mwanangu, tulitaka ufaulu! Umehangaika na sisi wee, halafu tuje tukuvujie siku ya mtihani? Tungekuwa watu kweli?"

Wengine wakaungama papo hapo: maji ya kipimo waliyamwagia ua. Wapo waliokuwa hawajagusa hata chai tangu jana yake. Wote walidhani anayepimwa ni mwalimu wao.

"Nilicheka nao, kisha nikaenda chooni nikalia," anasema. Ufadhili ulikuwa ukingoni. Kurudia vipimo kulimaanisha kuchelewa kuhitimu, pengine na kugundua kwamba mazoezi hayasaidii kitu. Kunyamaza kulimaanisha shahada.

"Shetani alinipitia, siwezi kuficha. Nikasema, nani atajua? Ua haliongei. Halafu nikamfikiria mama mwingine huko, anaambiwa fanya mazoezi haya utapona kabisa. Anafanya, anaendelea kuvuja, anadhani kasoro ni yake. Nikashindwa."

Alienda kwa profesa asubuhi yake, akamweleza yote. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Na ua lenyewe linaendeleaje?"

"Limeoza mizizi, Profesa."

Profesa alicheka mpaka akapangusa machozi, kisha akasema neno moja: rudia. Chuo kikamwongezea muda, bila posho. Siku za mapumziko akarudi hospitalini kufanya zamu ili nyumbani mambo yaende.

Washiriki aliwakalisha upya. "Niliwaambia, ukivuja hujaniangusha, umenisaidia. Ukinidanganya ndiyo umeniangusha." Mshonaji alikuwa wa kwanza kuinuka. Alimaliza chupa mbele ya wote, akaipindua waone haina hata tone, akatangaza, "Leo nimekuja kuvuja!"

Watatu wa leo ndio wa mwisho. Kati ya thelathini na saba waliotangulia, ishirini na mmoja hawavuji tena au ni kidogo sana, kumi na wawili wamepata nafuu, na wanne hawajabadilika. Si matokeo ya kupigiwa vigelegele kama yale ya kwanza, lakini Dada Kohoa anayasoma kwa uso wa mtu aliyeshiba.

Mshonaji ni mmoja wa wale wanne. Kwa kuwa mizani ilisema kweli, alipelekwa kwa daktari bingwa, ambaye amekuta tatizo ambalo mazoezi peke yake hayatalimaliza. Atafanyiwa upasuaji mwezi ujao, na leo amekuja kuwasindikiza wenzake.

Akihitimu, Dada Kohoa anataka kuanzia wodi ya wazazi. "Mama akiruhusiwa kwenda nyumbani, anaulizwa mtoto ananyonya? Kidonda kinauma? Nataka aulizwe na hili: unavuja? Mchana kweupe, bila kunong'ona, na ajibu bila kuinamisha kichwa."

"Ninavuja, ndiyo!" anadakia mshonaji kutoka mlangoni, kwa sauti ya kufika getini. "Haya, nisaidieni."