Chai ya Watu Wetu

Wenzake walimwita Komando, na jina lilimkaa. Muuguzi yule wa wodi ya wanaume akivaa kumwendea mgonjwa, alivaa kweli: barakoa imembana mpaka ikamwachia alama mashavuni, glavu juu ya glavu, aproni hadi miguuni. Mgonjwa akivuta pumzi ya kupiga chafya, Komando yuko mlangoni. Ndugu wa wagonjwa walinung'unika kwamba anawaona kama uchafu, na hawakukosea sana. Aliamini, wala hakuna aliyemfundisha hivyo darasani, kwamba gonjwa lile la mapafu lililozagaa mjini linaingia hospitali na wageni.

Saa ya chai ndiyo ungecheka. Mlango wa chumba cha chai ukishafungwa, barakoa zote zinashuka kidevuni, wauguzi wanabanana kwenye mabenchi goti kwa goti, wanamegeana mkate na kumsengenya daktari mkuu. Mle hamkuwa na mgonjwa, mlikuwa na watu wetu tu. Mganga hajigangi, wahenga walishasema, na sisi tukadhani wanatutania.

Aliyekaa ubavuni pa Komando kila siku alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, muuguzi wa wodi hiyo hiyo. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Wiki moja wifi akaanza kukohoa.

"Ni hii dawa ya kupigia deki," akasema. "Inanikwaruza koo."

Komando akampigapiga mgongoni, akamsogezea chai. Angekohoa hivyo mtu baki, angetengwa kabla hajakaa. Wiki haikwisha, wifi akalazwa na mpira wa oksijeni puani.

Komando hakulia kwanza. Alimfikiria baba yake. Mzee alikuwa na mapafu mabovu tangu enzi za kazi yake kiwandani, na Komando alipofiwa na mume, walibaki wao wawili nyumbani. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemwogesha, uso kwa uso, wakicheka. Miezi yote aliwakagua wageni mlangoni, kumbe anayeweza kumuua baba yake ni yeye mwenyewe.

Alipimwa, akaambiwa asubiri majibu nyumbani. Sasa mzee ataogeshwa na nani? Kaka naye, kwa ajili ya mkewe, alikuwa amezuiwa kutoka nyumbani kwake. Kesho yake Komando akaingia chumbani kwa baba na beseni la maji ya uvuguvugu, amevaa kila kitu kama yuko kazini.

Mzee akageukia ukutani. "Nani kakwambia nimekufa? Waosha maiti ndio wanavaa hivyo."

"Ni mimi, baba."

"Wewe nakujua. Hilo lidude usoni ndilo silijui. Siku hizi mimi ni mgonjwa wako?"

"Hapana, baba. Pengine mgonjwa ni mimi. Nyanyua mkono."

Mzee alinuna, akamwita mkaidi kama mama yake, lakini mkono akaunyanyua. Komando alimwogesha dirisha likiwa wazi, machozi yakimtiririka mpaka barakoa ikalowa. Akatoka, akaibadilisha, akarudi kumalizia mgongo.

Majibu yalionyesha hana ugonjwa, na mzee hakukohoa. Ilikuwa bahati tu, na Komando alilijua hilo. Hakutaka kuijaribu mara ya pili.

Aliporudi kazini, saa ya chai alibeba kikombe chake akaenda kunywea uani, peke yake.

"Komando kapanda cheo!" mmoja akamtania dirishani. "Hanywi tena na makabwela!"

"Njooni nanyi huku kwenye hewa," akajibu. Wengi waliguna wakabaki ndani. Yeye hakubanduka.

Kisha wifi akarudi, amekonda nguo zinampwaya. Alikuja moja kwa moja uani, mikono wazi. Komando akapandisha barakoa, akarudi nyuma.

"Wifi," mke wa kaka akamwambia, "nimepona. Wamenipima. Bado unanikimbia?"

Komando alitamani kumkumbatia mpaka mifupa iumane. "Najua umepona. Lakini kesho utahudumia wagonjwa, na mimi pia. Mtu baki hawezi kunipa ugonjwa nimpelekee baba, kwa sababu simwachi anisogelee. Wewe ndiye ninayekuacha unisogelee."

"Kwa hiyo na mimi unanivalia barakoa?"

"Wewe hasa."

Wifi alimtazama. Kisha akageuka, akaingia ndani na kuubamiza mlango, na Komando akajua amempoteza. Hakumfuata. Alishika kikombe kwa mikono miwili ili kisimwagike.

Mlango ukafunguka tena. Wifi akatoka akiburuta kiti, akakivusha mpaka upande wa pili wa ua, akaketi.

"Haya, paza sauti!" akaita. "Baba hajambo?"

"Hajambo!" Komando akapiga kelele, hospitali nzima ikasikia. "Yupo! Anapumua!"