Mimi Mwenyewe, Bila Fundi

Kama hujawahi kuona kichwa cha mtu kikitokeza ukutani, uliza watu wa mtaa aliokuwa akikaa dada yangu kule Lodwar. Wao walikiona.

Ilikuwa saa nane mchana, jua lile ambalo hata mbuzi wanakataa kutembea. Nyuma ya nyumba moja iliyopakwa rangi ya maziwa, kichwa cha mwanamume kilikuwa nje ya ukuta, pamoja na bega moja na mkono mmoja. Sehemu yake nyingine yote ilikuwa ndani, chumbani kwake.

Kichwa kilikuwa kinalia.

Na mbele yake alikuwa amechuchumaa mke wake, anachanganya simiti.

Huyo mke ni Nakeno, dada yangu wa tumbo moja. Alinisimulia kidogo kidogo, hapa Kakuma ninakokaa, na amenipa ruhusa niandike. Mkitaka kumtukana huko chini kwenye maoni, anzeni na mimi.

Haya, twende.

Ekuru alimuoa Nakeno akiwa na kazi nzuri kwa makandarasi wa Lokichar. Kazi ilipoisha alirudi Lodwar na grainda ya kukatia chuma, nyundo kubwa, na hasira za mtu aliyezoea kutuma wengine. Simu yake ilijaa video za watu wanaojitengenezea nyumba zao: namna ya kuziba ufa, namna ya kuweka grili, namna ya kupaka rangi bila kuacha alama. Akaapa kwamba kwake fundi hataingia tena.

Sasa, kwetu Waturkana nyumba ni kazi ya mwanamke. Yeye ndiye anakata fito, anazipinda, anazifunga, anaezeka. Akai yake, kile kibanda cha fito, anaijua kila kijiti. Kwa hiyo mwanamume kupanda ngazi na kujenga kwa mikono yake lilikuwa jambo la kutazamwa, na mtaa ulimtazama na kumsifu.

Mama yetu alikuja kutoka Kalokol kuwatembelea. Akaizunguka nyumba yote, akaupapasa ukuta. Nakeno akamuuliza kama ameipenda.

"Ni nzuri," mama akasema. "Lakini wewe unalala kwa nyumba ya mtu."

Nakeno akacheka. Alidhani ni ushamba wa wazee.

Ekuru alianza na ua. Palikuwa na uzio wa miiba ya mathenge, wa kuonana. Mtu akipita anakusabahi "ejok" na anaona umeamkaje. Ekuru akaung'oa, akapandisha ukuta juu kuliko kichwa chake, akachomeka vipande vya chupa juu yake.

Watu wakamuuliza ni nani amemjengea.

"Mimi mwenyewe," akasema. "Bila fundi."

Akaja na grili za madirisha. Mimi mwenyewe, bila fundi. Akaja na geti la chuma. Mimi mwenyewe, bila fundi. Neno hilo alilisema kwa kidevu juu, na lilikuwa tamu kinywani mwake kuliko chai. Jirani yao, Mama Atiir, alikuwa akimsumbua mumewe kila jioni: tazama wanaume wenzako.

Lakini kila kilichoongezeka kwenye nyumba ile kilimpunguzia Nakeno kitu. Ukuta ulipopanda, hakuonana tena na Mama Atiir. Geti lilipofungwa, ufunguo ukawa mmoja tu, na ulikaa mfukoni mwa Ekuru. Biashara yake ya samaki wa kukausha sokoni nayo ikafa, kwa sababu Ekuru alisema mwanamke mwenye nyumba kama ile hawezi kunuka samaki.

Kofi la kwanza lilikuja kwa ajili ya rangi. Nakeno alisema rangi ya sebuleni imekuwa kama uji, akitania tu. Aliokota jino lake karibu na kopo la rangi.

Baada ya hapo Ekuru aligundua faida ya grainda. Aliifunga kwenye meza ya kazi, na kila alipotaka kumpiga mkewe aliiwasha kwanza akaiacha ilie. Ile kelele inatoboa masikio. Mtaa mzima ulisikia mwanamume anayefanya kazi, na hakuna aliyesikia mwanamke anayeomba msaada.

Mara moja Mama Atiir alikuja hadi getini. Nakeno alikuwa nyuma ya mlango, damu imemjaa mdomoni, moyo ukamruka kwa furaha. Kumbe mama wa watu alikuja kulalamika kwamba mtoto hawezi kulala kwa sababu ya kelele. Ekuru akamwomba radhi kwa heshima zote, na Mama Atiir akaenda zake akisema huyo ni mtu mstaarabu.

Nikifika hapa huwa naacha kuandika kidogo, nakunywa maji.

Halafu likaja komeo.

Asubuhi moja Ekuru alitoa mlango wa mbao wa chumba cha kulala, akaweka wa chuma. Nakeno alipomletea chai aliona komeo liko upande wa nje, upande wa sebule. Alicheka. Wallahi alicheka, kwa sababu aliona mtu wa video amejichanganya.

"Ekuru, hii umekosea," akamwambia. "Komeo umeweka nje."

Ekuru hakukasirika. Alimwambia aweke mkono kwenye fremu amwonyeshe anataka likae wapi. Nakeno akauweka mkono wake wa kulia, akaonyesha. Ekuru akaishusha nyundo.

Vidole viwili vilivunjika hapo hapo.

"Sijakosea," Ekuru akasema. Akamsukuma ndani, akalivuta komeo.

Tangu siku hiyo Ekuru akitoka, Nakeno alikuwa ndani. Chakula alikipata mume akikumbuka, na mume hakuwa mtu wa kukumbuka. Mabati ya Lodwar mnayajua. Chumba kilikuwa kikipika mchana kutwa, na dada yangu akakonda mpaka pete ikawa inamdondoka. Alijua akikaa mle atakufa, na kwamba watu watakuja mazishini waisifu nyumba.

Lilibaki dirisha moja dogo la nyuma. Ekuru akaamua kung'oa grili yake na kuliziba kwa matofali, eti wezi.

Hapo ndipo alipokosea kweli. Ekuru aliamini kazi ni kupanga matofali, na kukoroga ile mota ya kuyashikanisha ni kazi ya mwanamke. Kuigusa hakutaka, inaharibu mikono. Akamtoa Nakeno nje, uani, na kumkabidhi koleo.

"Mimi napanga, wewe changanya tu," akamwambia.

Nakeno alitazama mchanga wa mto Turkwel, akatazama mfuko wa simiti. Kisha akachanganya, kwa mkono mmoja mzima na mwingine umevimba. Mchanga mwingi. Simiti kidogo sana, ya kudanganya macho. Iliyobaki aliificha jikoni chini ya makaa.

Ekuru alipanga matofali yake huku akipiga mluzi. Ukuta ulipokauka aliupaka rangi, akaupiga picha, akaitupia mtandaoni. Maneno chini ya picha nadhani mnayajua.

Nakeno alisubiri. Siku Ekuru alipotoka kwenda mjini kununua rangi ya geti, alichukua kijiko, akaanza kukwangua kwa mkono wa kushoto. Mota ilimwagika kama unga. Tofali la kwanza likalegea, akalisukuma, likaanguka nje. La pili likafuata. Aliendelea hadi akaona pengo la kumtosha mtu aliyekonda kwa njaa, akatanguliza kichwa.

Alikuwa nusu nje aliposikia geti likifunguliwa na kufungwa tena kwa ufunguo.

Ekuru alisikia matofali yakidondoka. Nakeno akasikia komeo likivutwa, mlango ukagonga ukuta, kisha kifundo chake cha mguu kikakamatwa.

"Leo nakuua," Ekuru akasema. Hakupaza sauti, wala hakukumbuka grainda.

Nyundo ikampata pajani. Nakeno akarusha teke kwa mguu uliobaki, kisigino kikaingia kwenye pua ya Ekuru, na alisikia pua ikivunjika. Mkono ukaachia. Akaangukia nje kwenye mchanga wa moto, kifudifudi.

Mtu mwenye akili angezunguka kwa mlango. Ekuru alikuwa na damu machoni na hasira kichwani, akajitupa kwenye lile pengo vile vile alivyo, nyundo mkononi.

Mwili wake ulikuwa umeshiba. Ulifika mabegani ukakwama.

Kuna kitu mnatakiwa kuelewa hapa, kabla hamjamhukumu dada yangu. Geti lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ekuru, na mfuko ulikuwa upande wa ndani pamoja na miguu yake. Ukuta wa ua ulikuwa na chupa juu. Na Ekuru alikuwa anajitikisa, na kila akijitikisa matofali yaliyobaki yanacheza, maana mota ilikuwa ile ile. Kilichomtoa Nakeno kilikuwa kinamtoa na yeye.

Nakeno alichechemea akazunguka, akaingia sebuleni, akaufunga mlango wa chumba na kulisukuma komeo. Liliteleza vizuri. Ekuru alikuwa amelipaka mafuta. Hata akijinasua kurudi ndani, hatatoka.

Lakini akitokea mbele?

Alirudi nyuma ya nyumba. Nyundo ilikuwa imeanguka nje. Mkono wa Ekuru ulikuwa umeshika tofali, unalitikisa, karibu litoke.

Nakeno akaiokota nyundo kwa mkono wa kushoto.

Aliniambia kwamba kichwa kilikuwa pale pale, usawa wa kiuno chake, na kwamba alikitazama kwa muda. Alitaka kukipasua. Nikamuuliza ni nini kilimzuia. Akasema hakutaka kufungwa tena kwenye chumba kingine na mwanamume mwingine mwenye ufunguo.

Akapiga mkono. Mara moja, kwenye vidole, na tofali likaachiwa.

Ekuru akapiga yowe ambalo halikuwa na grainda ya kulifunika.

Kisha Nakeno akaingia jikoni, akafukua makaa, akatoa simiti. Safari hii aliichanganya inavyostahili. Akaanza kuijaza kwenye nyufa, na mawe madogo ndani yake, akizunguka bega, akizunguka shingo, taratibu kama anayemkandika mtoto dawa. Ekuru alitukana, akaomba, akaita mama yake.

Mtaa ulikuja wote. Yowe moja tu la Ekuru, na wanaume walikuwa wanatupa magunia juu ya zile chupa na kuruka ukuta. Mmoja alitoa ufunguo mfukoni mwa Ekuru kupitia chumbani, wakafungua geti, akina mama wakamiminika ndani. Mama Atiir alikuwa mbele.

"Nakeno, unamfanya nini baba wa watu?" akauliza.

"Namalizia ukuta."

"Na kama alikuwa anakukosea, mbona hukutuita?"

Nakeno aliweka mwiko chini. "Niliwaita," akasema. "Mkasema ni grainda."

Wanaume walimvuta Ekuru kwa miguu, simiti ikiwa bado mbichi, ngozi ya bega ikabaki ukutani.

Polisi walipofika, Ekuru alikuwa ameketi kivulini anapepewa, kichwa cheupe kwa simiti, anaeleza kwamba mkewe amerukwa na akili. Vidole vyake vilionekana. Bega lake lilionekana. Na Nakeno alikuwa amesimama peke yake, nyundo miguuni. Afande alitoa pingu akamwendea yeye, na hakuna jirani aliyefungua mdomo.

Lakini yule afande alikuwa mtu wa kuzunguka na kukagua. Kabla hajafunga pingu aliingia kuona chumba. Alikaa humo muda. Watu walisikia chuma kikiteleza, kikirudi, kikiteleza, kikirudi.

Akatoka akifuta mafuta kidoleni. Akatazama ukuta, geti, grili, kama mtu anayetamani na yeye.

"Kazi safi sana hii," akamwambia Ekuru. "Na hiyo komeo ya chumba, ni nani amekuwekea?"

Kidevu cha Ekuru kikapanda chenyewe, na simiti yake.

"Mimi mwenyewe," akasema. "Bila fundi."

"Iko nje," afande akasema. "Ulikuwa unamfungia nani?"

Watu wale wale walioisifu nyumba walikuwa wanaona komeo kwa mara ya kwanza. Wakatazama mkono wa kulia wa Nakeno, vidole vimeota upande, na mifupa ya mabega yake. Mama Atiir akakaa chini kwenye mchanga, akalia.

Pingu zikahama.

Kesi bado inaendelea, na mimi sitaisemea hapa. Nakeno yuko nyuma ya kibanda changu, Kakuma. Anajijengea chumba cha udongo, akisaidiwa na rafiki yake Spéciose, mama wa Kirundi anayefyatua matofali kwa mikono na kuimba kanisani kwa Kifaransa. Vidole viwili havikunjiki, kwa hiyo Nakeno anachanganya kwa kushoto. Hamruhusu mtu mwingine auchanganye udongo wake.

Juzi waliweka mlango. Spéciose akauliza, "Dada, komeo tunatia wapi?"

Nakeno alilishika, akaingia nalo ndani, akaufunga mlango na kuanza kulipigilia. Tulisimama nje tukisikiliza nyundo. Mimi nilikuwa nalia.

Funzo langu ni fupi. Binti yako au dada yako akikuita uone nyumba mpya, achana na rangi. Nenda hadi chumbani, ushike komeo, uangalie liko upande gani. Na ukisikia kelele ya kazi kwa jirani kila siku, halafu kazi yenyewe haiishi, gonga geti uombe kumwona mama wa nyumba, na usiondoke mpaka umemwona.