Rubani wa Trekta Lisilo na Breki

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa dereva wa trekta, ila ukimwita dereva haitiki. Alitaka aitwe Rubani, jina alilojipa mwenyewe. Kibaya zaidi, alilistahili. Trekta kuukuu la shamba alikofanya kazi lilivuja mafuta kwenye ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma, kulia na kushoto, mafuta yakaingia kwenye breki, na breki iliyolowa mafuta ni pambo tu. Kulisimamisha dude lile ilikuwa elimu, na mwenye elimu hiyo alikuwa yeye peke yake.

Basi akawa mfalme. Anapunguza gia tangu mbali, anakanyaga breki kwa uzito wake wote ishike japo kidogo, anakwaruza tairi kwenye tuta, anashusha jembe la nyuma lishike ardhi, halafu anaruka na kutupia gogo mbele ya gurudumu. Watu makofi! Bosi, mtu asiyemsalimia hata mama mkwe wake, alimwita "baba". Chai ilimfuata shambani.

Siku moja Rubani akasusa, eti chai haina sukari ya kutosha. Bosi akajitia kuendesha mwenyewe, akaingia nalo mpaka ndani ya banda la kuku. Mkewe akasema sasa yatosha, akaniita mimi fundi.

Nilipofika tu, shemeji akanivuta pembeni.

"Shemeji, usiliguse. Trekta likizoea breki litadeka."

"Litadeka? Kwani ni kitinda mimba?"

"Usinitanie. Mimi nakula kwa hayo mafuta. Wapwa zako wanakula kwa hayo mafuta. Yakikauka, kila mwenye miguu ataendesha, mimi nitakuwa nani?"

Roho iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Tena akifukuzwa, yeye na wanawe watahamia kwa nani kama si kwangu? Lakini kazi ni kazi, nami sijawahi kufunga kitu kikavuja kwa makusudi.

Nikapandisha nyuma kwa jeki, nikaegemeza kwa magogo, nikatoa tairi na ngoma ya breki, nikavuta ekseli. Sili ya zamani, ile pete ya mpira inayozuia mafuta, ilikuwa imekakamaa, mdomo wake umelika kabisa. Nikaing'oa kwa patasi, nikasafisha inapokaa, nikaweka mpya, mdomo ukitazama ndani kwenye mafuta, nikaigonga pole pole kwa kipande cha ubao isije ikakaa upande. Lainingi za breki, zile zinazobana ngoma, zilikuwa zimelowa; nikazitupa, nikafunga mpya. Upande wa pili vivyo hivyo. Muda wote huo Rubani amenisimamia kichwani: "Acha kanafasi kadogo tu, shemeji, mafuta yapumue."

Mafuta yapumue! Nikamwambia akapumue yeye.

Nilipomaliza, akapanda kulijaribu, watu wote wamejipanga. Mazoea yana tabu: akakanyaga breki kwa uzito wake wote, kama alivyozoea. Trekta likasimama pale pale. Yeye hakusimama. Tulimwokota kwenye samadi, mzima, ila heshima ndiyo iliyovunjika.

Mke wa bosi, ambaye hajawahi hata kuendesha baiskeli, akasema na yeye ajaribu. Nikamwonyesha kidogo. Akazunguka uwanja, akalisimamisha mlangoni pa jiko, taratibu, bila kumwaga hata ndoo iliyokuwa pale.

"Kumbe ni rahisi hivi!" bosi akasema. Kisha akamgeukia shemeji yangu. "Wewe, hebu lioshe hilo."

Wewe! Akachukua dekio, akaosha. Mimi nilikusanya spana zangu. Nilimhurumia, sitaficha.

Alinisindikiza mpaka getini, bado ananuka samadi. Akatazama nyuma kuona kama tunasikiwa.

"Shemeji, wewe unazunguka mashamba mengi."

"Nazunguka."

"Humjui mtu yeyote," akasema kwa sauti ya chini, "mwenye trekta bovu zuri?"